Risasi na Doria Shambani kwa Zuwena

Geita, 9 Oktoba 1966

Mdogo wangu Zuwena,

Natumaini eda imekwisha salama na sasa unatoka nje ukaliona jua. Sisi hapa wazima, wifi yako Paskalia anakusalimu sana. Ule mgodi mdogo wa huku vilimani umefungwa. Mashine niliyokuwa naiendesha chini imepandishwa juu, ikapakwa grisi na kufunikwa turubai, nasi tukaambiwa kila mtu aangalie ustaarabu wake. Mimi kwa sasa nalima mihogo.

Nakuletea mbwa wawili. Usishtuke. Ni wa ulinzi wa mgodini, dume anaitwa Risasi na jike Doria. Bwana wao amerudi kwao Ulaya, na aliyeachiwa ufunguo wa banda alikuwa anatafuta bunduki awamalize. Sikuweza kuvumilia, nikawafungua nikaja nao nyumbani. Lakini hapa cha kulinda hakuna, na wewe uliniandikia kwamba zabibu za msimu uliopita zilivunwa na wezi zaidi kuliko ulivyovuna mwenyewe. Najua dini yenu inavyomtazama mbwa. Lakini marehemu mumeo Abdu aliwahi kuniambia kwa kinywa chake kwamba mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa.

Watapanda lori hadi Mwanza, kisha treni, kwenye behewa la gadi. Gadi huyo alifanya kazi na marehemu, amekubali bila maneno. Wape ugali na chochote chenye harufu ya samaki. Hawabweki, ndivyo walivyofundishwa. Zaidi ya hapo siwajui, maana kazi yangu ilikuwa chini ya ardhi na yao ilikuwa juu.

Kuhusu mazishi ya shemeji sina la kuandika. Yaliyopita yamepita.

Kaka yako,
Cornel

Shinyanga, 30 Oktoba 1966

Kaka Cornel,

Shikamoo. Wageni wako wamefika, na stesheni nzima ilinipisha njia kama bibi harusi. Nilikwenda kuwapokea na shemeji Maulidi, mdogo wake marehemu. Humjui vizuri. Ni yule mwenye mkanda mpana kiunoni, aliyeanguka kwenye lori zamani na tangu hapo mgongo haupindi wala jembe halishiki. Mbwa walimnusa, wakajilaza miguuni pake. Akaniambia, unaona, shemeji, wamemjua mwenye mji.

Nimewajengea kibanda cha matete mwisho wa shamba, kando ya chanja za miti zinazobeba mizabibu. Siku za mwanzo walikataa ugali, wakakaa wanaitazama barabara kama watu waliokosa basi. Halafu Doria akachimba shimo la kujipoza, na akachimba wapi? Chini ya mzabibu wa kwanza kabisa, ule ambao marehemu alikuja nao kutoka kwa mapadri wa Dodoma, kijiti kimoja ndani ya gunia bichi. Nilimtishia kwa fito ndefu mpaka mkono ukauma. Kesho yake akarudi palepale. Nimemwachia.

Asubuhi ninapopalilia nawafunga, sitaki mate yao kwenye nguo zangu za sala. Nikimaliza nawafungulia. Chakula nawamwagia kwa upawa wa mpini mrefu, nimesimama mbali. Tulikuwa tumeanza kuzoeana hivyo, kila mtu na heshima yake.

Sasa sikia. Nina jirani, Esta, mke wa Masele, anayechuuza dagaa wa Nkome. Ni Msukuma mwenye adabu zake. Alipoingia kunisalimu alipiga goti, mikono chini, kama walivyolelewa. Doria akatoka chanjani bila sauti, akamwangusha, akamshika kifundo cha mkono kwa meno. Hakumtoa damu. Lakini dagaa zote zilimwagika, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mtu anakuja kwako na heshima zake zote, anaangushwa na mbwa! Na Maulidi anaingia na kutoka bila hodi, wanamtikisia mkia.

Halafu umeandika yaliyopita yamepita. Kwako labda. Mimi nilikuwa ndani, nikisikia sauti za waliokuja kumzika mume wangu. Mama yetu alizaa mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, lakini tumbo lilikuwa moja. Sauti yako sikuisikia.

Zuwena

Geita, 20 Novemba 1966

Zuwena,

Barua yako nimeipata. Niombee radhi kwa huyo Esta. Lakini mbwa aliyefungwa kila siku huwa na kisirani, hilo hata mtoto analijua. Na mbwa anayemwagiwa chakula kwa upawa kama mwenye ndui atamjuaje mwenyeji wake? Hapa kwangu walikaa wiki nzima, hawakumgusa mtu, Paskalia alikuwa anawapa mkononi. Ninachokiona ni kwamba unawachukia kwa kuwa wametoka kwangu.

Jambo lingine. Bahasha yako ilifika imekunjamana na gundi yake mbichi, kama iliyofunguliwa kwa mvuke ikafungwa tena. Nani anakupelekea barua posta?

Kuhusu mazishi, unajua mwenyewe kwa nini hukuisikia sauti yangu. Usinitie kidole kwenye kidonda.

Cornel

Shinyanga, 18 Desemba 1966

Kaka,

Barua zangu zinapita kwenye sanduku la posta la Maulidi, kwa sababu marehemu hakuniachia sanduku, na mtu anayenisaidia sitamwita mwizi kwa sababu ya gundi. Tafuta kisingizio kingine.

Tuko kwenye mfungo. Juzi Mwalimu Zamoyoni, aliyenifundisha Kurani mimi na nusu ya mji huu, alikuja kumsomea marehemu. Alasiri ikaingia, akatandika mkeka chini ya chanja. Alipokuwa amesimama, mbwa walilala. Aliporukuu, Risasi akainua kichwa. Aliposujudu, kaka, wote wawili walikuwa juu yake. Mzee wa watu, kinywa kimekauka kwa saumu, amelazwa kifudifudi na mbwa kamshika mkono! Kanzu yake imefuliwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hakunitukana. Alisema tu, "Binti yangu, hawa wanyama wamefundishwa na nani?"

Maulidi alikuja, akaswali palepale kwenye kiti chake, kama anavyoswali siku zote kwa sababu ya mgongo. Hawakumgusa. Mji mzima sasa una neno moja: mbwa wa Zuwena wamefundishwa na Wakristo kuwatia adabu Waislamu wanaosali. Wengine wanaongeza kwamba zabibu nazikamulia mvinyo wa kanisa. Na zabibu zenyewe zimeanza kuiva, vichala vinatoweka, mbwa wametulia kimya kana kwamba wamekula njama na mwizi.

Utaniambia hayo ni maneno tu. Si maneno tu. Shamba hili ni mahari yangu, Abdu alinipa mbele ya watu. Lakini Maulidi amewaomba wazee wamweke yeye msimamizi. Anasema mwanamke ambaye mbwa wake wanaangusha wageni na mashehe hawezi kuendesha mji, na kwamba ni yeye peke yake mbwa wanamtii. Amekwisha kuniomba na ile pete ya marehemu yenye jiwe la akiki, ninayoivaa mimi, eti aitunze. Wazee watakaa baada ya Idi. Nikiondolewa kwenye hii mizabibu, kaka, sijui nitaamka asubuhi niende wapi. Ndiyo yote aliyoniachia Abdu.

Kwa hiyo nijibu wazi. Uliwatuma hawa kunilinda au kuniaibisha? Mliwafundisha nini huko?

Zuwena

Geita, 5 Januari 1967

Wifi yangu Zuwena,

Nampa Esta barua hii mkononi. Anakwenda Nkome kununua dagaa, na kwanza amepita Geita kututafuta. Kaka yako hajui kama nakuandikia.

Barua yako aliisoma mara moja. Akaiweka chini ya Biblia, akatoka kwenda shamba bila jembe. Nilimwona kwenye mihogo amesimama tu. Tangu siku ile ameongea na mimi maneno ya chumvi na maji ya kuoga.

Alinikataza kusema hili, lakini nimechoka kulala na siri ya watu. Cornel alikuja kumzika shemeji. Alisafiri juu ya lori la pamba, amesimama. Langoni kwako alikutana na mtu mwenye mkanda mpana kiunoni, akamwambia, "Dada yako amesema, asiyesali asikanyage hapa." Alikaa nje ya ua wako mpaka jeneza likatolewa. Akalifuata kwa mbali, nyuma ya watu wote, kisha akarudi. Alipofika hapa alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilimwambia akuulize. Akasema hawezi kumwuliza mtu aliyemfukuza. Wanaume hawa, wifi, afadhali afe na kiburi kuliko aulize swali moja.

Sasa nauliza mimi. Yalikuwa maneno yako? Kama ndiyo, ichome barua hii na tusalimiane kwa mbali. Kama siyo, kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhusu mbwa, Esta amenionyesha mkono wake. Hakuna hata mkwaruzo, naye mwenyewe anashangaa. Cornel ameondoka jana kwenda kumtafuta Ignas, aliyekuwa mlinzi pale mgodini, wanasema siku hizi anavua Nkome. Amekasirika, lakini ameenda.

Wifi yako,
Paskalia

Nkome, 14 Januari 1967

Zuwena,

Nimempata Ignas, anatengeneza nyavu. Nilipomweleza habari za Esta na za Mwalimu alicheka mpaka akaweka nyavu chini. Kisha akaacha kucheka, akanieleza.

Pale juu mgodini palikuwa na uwanja wa kuchambulia mawe. Kokoto zenye dhahabu zilikuwa zikidondoka chini, na watu walikuwa wakijifanya wanafunga viatu ili waziokote. Risasi na Doria walifundishwa kazi moja tu. Mtu akisimama wima, hata akiimba, hata akiwakanyaga mkia, hawana habari naye. Akiinama na mkono wake ukagusa ardhi, wanamlaza na kumshika mkono huohuo, bila kumng'ata, mpaka mlinzi aje aseme neno la kuwaachisha. Neno lenyewe ni "Basi", nadhani siku zile ulilitamka mwenyewe kwa hofu bila kujua.

Sasa fikiri. Esta alipiga goti. Mwalimu alisujudu. Wewe ukipalilia umewafunga, ukiwalisha umesimama na upawa wako. Hapa kwangu waliguswa na Paskalia tu, naye aliwalisha amesimama, akipitisha mkono juu ya ukuta wa jiko. Mwizi wa zabibu anachuma chanjani juu ya kichwa chake, amesimama wima, hata hana haja ya kunyata. Na yuko mtu mmoja hapo kwako ambaye hainami kamwe, hata mbele ya Mungu wake. Sisemi zaidi.

Ignas anasema wanafundishika tena. Uiname mwenyewe, taratibu, na dagaa kiganjani, kila siku, mpaka waelewe kwamba anayeinama hapo ana chakula. Ndiyo maana Esta anakuletea gunia la dagaa. Barua hii pia anaibeba yeye. Kwenye sanduku lile siandiki tena.

Juzi nilirudi nyumbani mara moja, Paskalia akaniambia alichokuandikia. Nilimfokea, kisha nikamshukuru. Sasa nangoja jibu lako kuhusu yale maneno ya langoni, na kusema kweli, Zuwena, naogopa.

Cornel

Shinyanga, 29 Januari 1967

Kaka yangu Cornel,

Shikamoo, na shikamoo tena. Hayakuwa maneno yangu. Naapa kwa Yule ambaye nafsi yangu iko mikononi mwake, hayakuwa yangu. Nilikuwa chumbani na wanawake, kila mlango ulipolia niliuliza, ni Cornel? Nikaambiwa siye. Na wewe ulikuwa nje ya ua. Nimeilia barua ya Paskalia kuliko nilivyolia siku ya msiba.

Barua yako sikumwonyesha mtu. Nilingoja kikao.

Wazee walikuja Ijumaa baada ya sala, Mwalimu Zamoyoni akiwa mbele, wakaketi kwenye mabenchi chini ya chanja. Mbwa niliwafungulia. Watu wakanong'ona. Nikawaambia wakae tu, ila yeyote asiguse chini. Wakadhani ni wazimu wa ujane.

Maulidi alisema maneno mazuri sana. Kwamba hataki shamba, hataki pete, anamhurumia tu mjane wa kaka yake. Kwamba wanyama nao wana akili, wamemtambua. Wazee wawili wakatikisa kichwa kukubali. Niliona wanakwenda naye, kaka.

Zamu yangu ilipofika nikavua pete kidoleni niwaonyeshe kwamba Abdu alinivisha mwenyewe, akiwa na akili zake. Ikanidondoka. Ukiulizwa na mtu, sema ilimdondoka. Ikabingirika mpaka mbele ya Maulidi.

Ule mgongo! Mgongo usioshika jembe, usiosujudu, uliopinda mara ya mwisho wakati wa mkoloni, ulipinda kama wa kijana wa jando. Alikuwa ameishika pete kabla mimi sijafumba kinywa. Na kabla hajainuka alikuwa chini, Risasi upande huu na Doria upande ule, ngumi yenye pete iko ndani ya meno.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamwuliza kwa upole, "Maulidi, mgongo umepona lini?"

Neno la kuwaachisha nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema haraka. Nilisimama mbele yake nikamwuliza ni nani aliyemzuia kaka yangu langoni. Akasema alidhani ndivyo ningependa. Nikamwuliza nani anafungua barua zangu. Akageuza uso pembeni. Nikamwuliza nani amekula zabibu zangu. Akatazama juu ya chanja, na wazee wote wakatazama juu. Hapo ndipo nikasema basi, na mbwa wakamwachia wakarudi kulala.

Niliwasomea wazee barua yako. Mwalimu alitaka nimsomee tena pale penye kufunga viatu, na hapo ndipo alipocheka, maskini, akasema miaka yote hii hajawahi kusujudu akadhaniwa mwizi. Shamba limebaki langu. Hakuna msimamizi. Maulidi sasa analala kwa dada yake kule Maganzo, eti ule mgongo mbovu umemrudia.

Kaka, nilikuandikia maneno mabaya. Nilikudhania wewe na nikamwamini yeye, kwa sababu yeye alikuwa karibu na wewe ulikuwa mbali, na kwa sababu anasali ninaposali mimi. Nimekosa. Nisamehe.

Kuinama tumeanza. Jana Doria alikula dagaa mkononi mwangu, ulimi wake una joto sana. Nikaenda kunawa na udongo kama sheria inavyosema, na nikirudi kesho nitanawa tena.

Njoo. Hutazuiwa na mtu.

Mdogo wako,
Zuwena

Shinyanga, 2 Machi 1967

Wifi Paskalia,

Mumeo amefika salama, na nakuandikia mimi kwa kuwa najua yeye hatakueleza.

Alishuka kwenye treni amevaa ile suti ya ndoa yenu. Langoni akasimama. Nikamwambia pita. Akasema, "Nipishe kwanza nipaangalie." Akapaangalia palepale alipozuiwa, mimi nimeshika komeo. Kisha akapita.

Asubuhi Mwalimu Zamoyoni alimchukua mwenyewe makaburini. Waliyozungumza huko hawakuniambia. Aliporudi nilimtembeza shambani. Nilimwonyesha tunavyofunga matawi kwenye chanja, tunavyoacha macho mawili ya kuchipua kila tunapopogoa, vichala vya mwisho vilivyobaki. Anauliza maswali mengi kwa mtu wa mashine. Tulipofika kwenye mzabibu wa kwanza nikamwambia huu ndio wa Abdu, alikuja nao ndani ya gunia bichi.

Wifi, sikumwonya. Nilisahau, au ulimi ulikuwa mzito. Akapiga magoti na suti yake, akaweka mikono yote miwili juu ya udongo wa lile shina, akasema, "Shemeji, nilikuja." Hayo tu.

Mbwa wote wawili wakanyanyuka. Mimi tangu Januari nilikuwa nimeinama nao kila siku, lakini ni mimi tu na Esta waliotuzoea, mtu mwingine hajawahi kujaribu. Nikafungua kinywa niseme basi, nikachelewa. Wakamjia kimya, kama walivyomjia Mwalimu. Risasi akaingiza pua chini ya kiganja chake, akakisukuma kikafunguka, akakinusa. Doria akanusa kile kingine. Walikuwa wanatafuta dagaa.

Mumeo hakuwa na kitu mikononi. Walimlamba hivyohivyo, mikono, kisha uso, na uso ulikuwa umelowa tayari. Nilikaa chini kwenye udongo upande wa pili wa shina, na nguo zangu za sala, nikamwacha alie.

Anasema atakaa mpaka tumalize kuvuna. Mtumie shati lingine kwa mkono wa Esta.

Wifi yako,
Zuwena